Sukari ya Chai, Sukari ya Damu

Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, mtu anaweza kuwa na sukari kwa njia mbili. Jirani akikuja mlangoni na kikombe akuulize, "Uko na sukari?" anataka ya chai. Lakini ukiambiwa mzee wa ploti ya pili "ako na sukari", hakuna anayefikiria kikombe. Unanyamaza kidogo, halafu unauliza kama anameza dawa ama ameshafika kwa sindano. Vitabu vya shule vinasema "kisukari" ili kutenganisha ugonjwa na chakula. Mtaani hakuna mtu ako na hiyo subira. Neno ni moja.

Sasa swali: ni sukari ileile? Ile nyeupe iliyo kwenye mkebe na ile inayopimwa kwa tone la damu kidoleni ni kitu kimoja? Swali hili linaonekana la kitoto, lakini wanasayansi walihitaji karibu miaka 150 kulijibu. Na jibu lina uzito, kwa sababu kuna watu wengi, pengine hata kwenu nyumbani, wanaopanga wale nini na waogope nini kwa kufuata hilo neno moja tu.

Tuanze na neno lenyewe. Sukari tulilipokea kutoka kwa Waarabu, wanaosema sukkar. Hao walilipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi, ambao kwa Kisanskriti walisema sharkara, yaani changarawe. Wahindi ndio waliojua mapema kuchemsha maji ya miwa mpaka yagande yawe punje. Kwa hivyo jina la kwanza halikusema chochote kuhusu utamu. Lilisema tu vile kitu kinavyoonekana: vijiwe vidogo.

Kwa karne nyingi, sukari ilimaanisha kitu kinachotoka kwenye muwa. Na muwa ulimaanisha kazi ya kuvunja mgongo. Huko Karibi, eneo la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti, lilikuwa koloni la Ufaransa lililoongoza duniani kwa sukari, na aliyekata miwa alikuwa mtumwa kutoka Afrika. Hata pwani yetu ilikuwa na sehemu yake ndogo ya habari hiyo. Katika karne ya 19, bonde la mto Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na Abushiri bin Salim, yule aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo.

Mtu wa kwanza kutikisa wazo kwamba sukari ni mali ya muwa alikuwa mkemia wa Berlin, Andreas Marggraf. Mwaka 1747 alichukua mizizi ya kiazi sukari, mmea wa ukoo mmoja na bitiruti, akaikausha, akaichemsha kwa pombe kali, akachuja, kisha akangoja. Baada ya majuma kadhaa punje zikajitokeza. Aliziweka chini ya hadubini akazilinganisha na za muwa. Hakusema zinafanana. Alisema ni sukari yenyewe.

Hebu fikiria uzito wa jambo hilo. Muwa unapenda joto, haukui Berlin. Ikiwa kiazi cha shamba la baridi kinabeba kitu kilekile, basi thamani haiko kwa mmea wala kwa nchi ulikoota. Iko ndani ya punje. Mwanafunzi wa Marggraf, Franz Achard, alifungua kiwanda cha kiazi sukari huko Silesia mwanzoni mwa karne ya 19. Wakati huo watumwa wa Saint-Domingue walikuwa wamekwisha kuasi, mwaka 1791, na kufikia 1804 wakatangaza taifa huru la Haiti. Ufaransa ilipoteza chungu chake cha sukari. Waingereza nao walikuwa wameshika bahari. Mwaka 1811 Napoleon akaamuru maelfu ya hekta yapandwe kiazi sukari. Kufikia mwisho wa karne hiyo, zaidi ya nusu ya sukari ya dunia ilitoka kwa kiazi, na aliyeweka kijiko kwenye chai hakuweza kuonja tofauti.

Lakini Marggraf alikuwa amejibu nusu ya swali tu: sukari ya mezani ni moja, itoke wapi itoke. Ile ya mgonjwa ilikuwa bado.

Waganga wa India ya kale waliuita ugonjwa huu madhumeha, mkojo wa asali, na walitambua kwamba siafu huukimbilia. Huko Uingereza, Thomas Willis wa karne ya 17 aliuonja mwenyewe, akaandika kwamba ni mtamu. Ndiyo, aliuonja. Maabara ya wakati huo ilikuwa ulimi. Halafu mwaka 1776 daktari wa Liverpool, Matthew Dobson, akachukua mkojo wa mgonjwa wake, akaukausha kwa moto polepole mpaka ikabaki donge jeupe. Lilinuka na kuonja kama sukari ya kahawia. Akapima pia maji ya damu ya mgonjwa, akakuta nayo ni matamu. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba utamu haukuzaliwa kwenye kibofu. Ulikuwa unazunguka mwilini mzima. Ukisema leo kwamba fulani "ako na sukari", unasema kile Dobson alichokiona.

Alichokosa Dobson ni njia ya kujua ni sukari gani. Hiyo ilipatikana mwaka 1815, wakati Mfaransa Michel Chevreul alipogandisha punje za mkojo wa mgonjwa na kukuta hazikuwa kama za muwa. Zilikuwa kama zile zinazopatikana kwenye zabibu.

Zabibu? Mgonjwa hajala zabibu!

Hapa ndipo historia inaponoga. Miaka minne kabla ya Chevreul, mwaka 1811, mkemia wa St. Petersburg aitwaye Kirchhoff alikuwa amechemsha wanga wa viazi pamoja na asidi kidogo ya salfa. Wanga, ambao hauna ladha, uligeuka ukawa maji matamu mazito. Baadaye, mwaka 1819, Mfaransa Henri Braconnot akachukua vitambaa vikuukuu vya kitani, akavitia asidi kali, na vyenyewe pia vikatoa sukari. Nguo! Na kila mara iliyotoka ilikuwa ileile ya zabibu. Mwaka 1838 wakemia wa Paris waliipa jina tunalolijua hadi leo: glukosi.

Kwa hivyo kulikuwa na sukari moja iliyojificha ndani ya zabibu, ndani ya kiazi kisicho na utamu, ndani ya shati kuukuu, na ndani ya damu ya mgonjwa. Na haikuwa ile ya mkebe.

Ile ya mkebe ilifichua siri yake kwa mwanga. Mfaransa mwingine, Jean-Baptiste Biot, alikuwa amegundua kwamba ukichuja mwanga utikisike upande mmoja tu, kisha uupitishe ndani ya maji ya sukari, sukari itaupinda. Ya mezani huupinda kulia. Lakini ukitia asidi kidogo na kupasha moto, mwanga unahama unapinda kushoto. Mwaka 1847 Augustin Dubrunfaut alionyesha sababu: sukari ya mezani inavunjika vipande viwili. Kimoja ni glukosi, kinachopinda mwanga kulia. Kingine, kinachoupinda kushoto kwa nguvu zaidi, leo tunakiita fruktosi, sukari inayopatikana kwa wingi kwenye matunda.

Hilo ndilo jibu la mtaani. Sukari ya mezani, ambayo kemia huiita sukrosi, ni mapacha walioshikana mikono: glukosi moja na fruktosi moja. Utumbo wako unawatenganisha muda mfupi tu baada ya kunywa chai. Glukosi inaingia kwenye damu, ndiyo ile daktari anayoipima. Fruktosi kwa sehemu kubwa inapelekwa ini, nalo linaishughulikia. Kwa hivyo ya chai na ya damu si kitu kimoja, lakini ya damu iko ndani ya ya chai, imekaa nusu nzima.

Ninalo jambo la nyumbani hapa. Shangazi yangu wa Kakamega ako na sukari, ile ya damu. Alipoambiwa, aliondoa mkebe wa sukari nyeupe mezani siku hiyohiyo. Mahali pake akaweka sukari nguru na chupa ya asali. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole wa mtu anayefundisha mtoto: "Mwanangu, hii si sukari. Hii ni miwa."

Kuna heshima katika jibu hilo. Ameona nguru ikipikwa tangu utotoni: miwa inasagwa, maji yake yanachemshwa kwenye masufuria mapana, makapi yaliyokauka yanakuwa kuni, uji mzito unamwagwa kwenye vyungu ugande. Hakuna kiwanda kikubwa, hakuna kitu kimeongezwa ambacho hakijui. Lakini kinachobaki kwenye kile kibonge, ukiondoa maji na madini kidogo yanayokipa rangi na harufu, sehemu yake kubwa mno ni sukrosi ileile ya Marggraf. Mapacha walewale.

Asali nayo? Nyuki hunyonya maji matamu ya maua, yenye sukrosi nyingi, kisha huyachanganya na kimeng'enya kutoka mwilini mwake. Kimeng'enya hicho hufanya kile asidi ya Dubrunfaut ilifanya: kinatenganisha mapacha. Takriban asilimia 80 ya asali ni sukari, hasa glukosi na fruktosi, na inayobaki karibu yote ni maji. Yaani nyuki amekufanyia kazi ya utumbo mapema. Shirika la Afya Duniani, lilipotoa mwongozo wake mwaka 2015, liliweka asali kwenye kundi moja na sukari ya kuongezwa, na likashauri kundi lote libaki chini ya asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida hizo ni kama gramu 50 kwa siku, vijiko 12 hivi vya chai.

Sasa mpaka hapo watu walijua majina na tabia. Hakuna aliyekuwa amejua sukari imejengwaje. Walihesabu tu: glukosi ina kaboni 6, haidrojeni 12, oksijeni 6. Shida ni kwamba fruktosi ina hesabu hiyohiyo. Na galaktosi, inayopatikana kwenye maziwa, pia hesabu hiyohiyo. Ni kama matofali idadi moja yaliyojenga nyumba tatu tofauti. Mpango wa nyumba uko wapi?

Aliyeupata ni Mjerumani Emil Fischer. Alikuwa amegundua kemikali iitwayo fenilihaidrazini mwaka 1875, na miaka kadhaa baadaye akaona kwamba inashikana na sukari na kutoa punje za manjano zinazogandika vizuri. Sukari kwa kawaida ni wasumbufu maabarani. Zinabaki uji unaonata. Punje hizi zilimpa kitu cha kushika. Alipoitumia kwa glukosi na fruktosi, zote zilitoa punje zilezile. Kwa kuwa kemikali yake ilikuwa inabadilisha kaboni mbili za juu tu, maana yake ilikuwa wazi: kuanzia kaboni ya tatu kwenda chini, sukari hizi mbili ni sawa. Zinatofautiana kichwani.

Halafu akafanya hesabu ambayo bado inanifurahisha. Katika mnyororo wa glukosi kuna kaboni nne za katikati ambazo kila moja imeshika pande mbili zisizofanana, na inaweza kuelekeza mkono wake kulia ama kushoto. Mbili mara mbili mara mbili mara mbili: nyumba 16 zinawezekana. Glukosi ni ipi kati ya hizo 16? Hakukuwa na hadubini ya kuona. Fischer alifanya kazi kama mpelelezi, akatengeneza sukari moja kutoka kwa nyingine, akiondoa wanaoshukiwa mmoja mmoja, hadi mwaka 1891 akatangaza jibu. Mwaka 1902 alipewa Tuzo ya Nobel. Fenilihaidrazini ilimlipa kwa njia nyingine: ni sumu, na miaka ya kuishika iliharibu afya yake.

Jambo moja lilimshinda. Kila nyumba kati ya hizo 16 ina pacha wake wa kwenye kioo, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Mbinu zake hazingeweza kusema glukosi halisi ni mkono upi. Basi akachagua upande mmoja, akaendelea na kazi. Ilikuwa nafasi ya nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Mwaka 1951, Fischer akiwa amefariki zaidi ya miaka 30, Mholanzi Johannes Bijvoet alitumia eksirei kuona mpangilio halisi wa atomi kwa mara ya kwanza. Kumbe Fischer alibahatisha sawa. Vitabu vyote vilivyokuwa vimechapishwa kwa miaka hiyo havikuhitaji kugeuzwa.

Utasema, wasee, mkono wa kulia ama wa kushoto unanihusu nini? Mwili wako unajali sana. Glukosi ya mkono wa kinyume ina utamu mdomoni, lakini mwili haujui kuichoma, inapita tu. Galaktosi ya maziwa inatofautiana na glukosi kwa mkono mmoja tu uliogeuka, kwenye kaboni ya nne, na hiyo inatosha ini kuifanyia kazi ya ziada kabla ya kuitumia. Na kile kimashine cha kuchoma kidole kina kimeng'enya kinachoitambua glukosi lakini kinaipita fruktosi kana kwamba haipo. Kinasoma ule mpango wa Fischer.

Mkono huo ndio pia unaoeleza muujiza wa vitambaa vya Braconnot. Katika karne ya 20 Mwingereza Norman Haworth alionyesha kwamba glukosi nyingi haikai wima kama mnyororo. Inajikunja kuwa pete. Pete hizo zikishikana kwa namna moja, unapata wanga: ugali, chapati, wali, viazi. Zikishikana kwa namna ya pili, unapata nyuzi ngumu: pamba, kitani, mti, vile vikonyo vya sukuma wiki. Glukosi ileile kabisa. Lakini mate yako na utumbo wako vina ufunguo wa kufuli ya kwanza tu. Ng'ombe anaishi kwa nyasi kwa sababu tumboni mwake kuna vijidudu wenye ufunguo wa pili.

Jaribu hivi: weka kipande cha ugali mdomoni, ukitafune bila kumeza kwa dakika mbili. Utaanza kuhisi utamu wa mbali. Hakuna aliyeongeza kitu. Mate yako yanarudia kazi ya Kirchhoff, bila asidi na bila moto.

Na hapa ndipo neno letu moja linapotupoteza. Vijiko viwili vya sukari kwenye chai ni kama gramu 8. Nusu yake tu ndiyo glukosi, yaani gramu 4 hivi. Ugali uliosongwa kwa gramu 100 za unga una takriban gramu 70 za wanga, na wanga huo, ukishameng'enywa, ni glukosi mwanzo mwisho. Sisemi ugali ni adui. Umelea vizazi, na unga usiokobolewa, mboga nyingi na kipimo cha sahani hupunguza kasi ya glukosi kuingia kwenye damu. Sisemi pia chai ya vijiko vinne iruhusiwe. Nasema mtu aliyefundishwa kwamba ugonjwa wake unaitwa sukari atamkagua mkebe wa sukari na kuusamehe mlima ulio kwenye sahani. Jina limemwelekeza kwa mshukiwa mmoja, yule mweupe, na kuwaacha ndugu zake wote wakipita mlangoni.

Kuna mwaka ambao historia hizi mbili ziligusana bila kujuana. Mwaka 1922, huko Miwani, karibu na Kisumu, kiwanda cha kwanza kikubwa cha sukari cha Kenya kilianzishwa. Mwaka huohuo, Januari, hospitalini Toronto, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa anakufa kwa kisukari alikuwa mtu wa kwanza kuchomwa sindano ya insulini na kurudi uhai. Tangu hapo nchi yetu imejifunza kwa kina sukari ya kwanza: bei yake, viwanda vyake vilivyofungwa, foleni zake. Sukari ya pili tumeiachia kliniki na minong'ono.

Kinachobaki ni kusoma. Ukienda supamaketi, geuza pakiti uangalie nyuma, kule kwa maandishi madogo. Ukiona sukrosi, huyo ni wa Marggraf. Ukiona laktosi, ni glukosi na galaktosi ya maziwa. Maltosi ni glukosi mbili, zimetoka kwa wanga. Sharubati ya glukosi ni wanga uliovunjwa, kazi ileile aliyoianza Kirchhoff. Na ukiona dekstrosi, usidhani ni kitu kigeni kilichotengenezwa jana. Jina hilo linatokana na neno la Kilatini la kulia, upande ule mwanga ulikopinda enzi za Biot. Ni glukosi, ileile ya kidoleni.